Waliniita Mcha Mungu, Kumbe Naumwa

Nianze kwa kuivunja sifa yangu mwenyewe, maana wapo watu hapa Rumonge ambao bado wameishikilia. Ule mwaka mliokuwa mnanisifu, wanawake wenzangu, sikuwa namwabudu Mungu kuliko ninyi. Nilikuwa naumwa. Ugonjwa wenyewe ni huzuni, ile inayoingia mwilini ikakaa mpaka ikawa maradhi kama maradhi mengine. Ilinikuta nina miaka sitini na minane, mjane, nina wajukuu tisa na meno ya kuhesabu. Naandika kwa sababu najua yupo mwingine sasa hivi ameketi kwenye mkeka wake, watu wanamsifu subira, na anakwisha pole pole. Mama, au baba, soma haya. Ukikasirika, kasirika, hasira ni afadhali.

Jina langu ni Mwamini. Babu yangu alivuka ziwa kutoka Ujiji akaoa hapa, na tangu hapo sisi ni Waswahili wa Rumonge. Miaka arobaini kazi yangu ilikuwa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alfajiri nilikuwa napokea mitumbwi, nachagua, nanunua, naanika, na zikikauka zinapanda gari kwenda Bujumbura. Ulimi wangu unajulikana ufukweni. Mvuvi aliyeficha ndagala zilizolala chini ya zile mpya, akiniona tu nainamia beseni lake, alianza kuapa kabla sijamshtaki. Mume wangu Saidi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Nadhani alinioa ili apate mtu wa kumsemea.

Saidi alikufa mwezi wa pili, mvua bado zinanyesha. Asubuhi alishona sare za shule, mchana akasema amechoka anajinyoosha kidogo, alasiri hatukuwa naye tena. Hata uzi alikuwa hajaukata kwenye cherehani.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa haja, hajipambi, hajipaki manukato. Nilikaa. Wifi yangu Zubeda, dada yake Saidi, alihamia kwangu kunisimamia, na haki ya Mungu alinisimamia vizuri: alipika, alipokea wageni, alifukuza wambea. Mimi eda siilaumu. Eda ina mwisho, imewekewa siku zake, na siku hizo zilikuwa zinanifaa, kwa sababu nilikuwa na pa kulilia. Tatizo lilikuja zilipokwisha.

Siku ya kutoka, kiangazi kimeshaanza, wanawake walikuja wakaniogesha, wakafukiza udi, wakanivika vitenge vipya. Mwanangu wa kwanza, Rashidi, anayeuza vipuri vya baiskeli na pikipiki pale sokoni, alichinja mbuzi. Watu wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Kesho yake nilitakiwa nirudi ufukweni. Niliamka, nikatafuta miguu yangu, nikaona haitaki. Nikasema kesho. Na hiyo kesho nikasema kesho.

Basi nikabaki pale pale kwenye mkeka, nimerudia nguo zile zile nyeupe za eda, kwa sababu kuchagua nguo nyingine ilikuwa kazi kubwa mno. Zubeda aliponiona hivyo machozi yakamtoka. Akawaambia majirani, "Mnaona? Siku zimeisha, na yeye bado amekaa kwa ajili ya kaka yangu! Wanawake wa hivi wako wapi siku hizi?"

Hapo ndipo lilipoanza kosa letu sote, na naliita letu kwa sababu hata mimi niliingia. Kila dalili ya ugonjwa ilipata jina zuri. Sikulala usiku, macho kodo mpaka adhana ya alfajiri; wakasema Bi Mwamini anasimama usiku kuswali. Sikuwa naswali. Nilikuwa nimelala chali natazama bati. Chakula kilikuwa hakishuki, ugali mdomoni kama nimetafuna boksi; wakasema anafunga sunna. Sikuongea, wakasema amejiepusha na umbea. Mimi niepuke umbea! Wanaonijua wangeshtuka kwa hilo peke yake.

Wakaanza kuja kuniomba dua. Mama mmoja alisafiri toka Minago na binti yake anayesubiri mtoto, akaniambia niweke mkono juu ya kichwa cha binti. Niliweka. Maneno yalitoka, moyo haukuwepo. Walipoondoka nilijiona mwizi kabisa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungewaambia, "Jamani, mimi si mtakatifu, mimi hata kuoga nimeshindwa siku ya nne hii"? Nilinyamaza, na kila nilivyonyamaza sifa ikapanda, na kila sifa ilivyopanda nikashindwa zaidi kufungua mdomo.

Mwili nao ukawa unakwenda zake. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja sasa kilinizunguka mara mbili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Magoti yaliuma, kichwa kiliwaka moto utosini, moyo ulikuwa unakimbia nimekaa sifanyi chochote. Tumbo liligoma siku tano, sita. Nikisikia harufu ya ndagala, harufu iliyosomesha watoto wangu wote, natapika.

Ndipo Rashidi akaanza kunipeleka hospitali. Lo, mabenchi! Kiangazi chote tulikuwa mabenchini. Nayajua mabenchi ya sehemu hizi kuliko mafundi walioyatengeneza: lenye msumari unaochana nguo, lililo juani mpaka saa sita, lile la karibu na choo ambalo halikosi nafasi. Nilipimwa malaria, hamna, nikapewa dawa ya malaria. Nikapimwa sukari, hamna. Nikapimwa presha, iko kidogo, wakasema nipunguze chumvi, na mimi siku hizo sikuwa nakula hata hiyo chumvi yenyewe. Daktari mmoja kijana, mpole, alitazama makaratasi akamwambia Rashidi, juu ya kichwa changu, "Hakuna kitu. Ni uzee." Rashidi akashukuru. Nikashukuru na mimi. Nilikwenda nyumbani nikiwa na ruhusa ya kufa.

Nataka nikwambie wewe mwenye miaka kama yangu: uzee naujua, ninao mpaka leo. Uzee unakufanya upande ngazi taratibu. Uzee haukufanyi uombe usiamke.

Kwa sababu niliomba hivyo. Nasema wazi ili na wewe useme. Ziwa miaka hii limepanda, limeingia mitaani, na nyuma ya nyumba yetu maji yamefika kwenye ukuta wa jirani aliyehama. Asubuhi moja, mvua za kwanza zimerudi, nilitoka na ndoo nikasimama majini, yamefika magotini, nikafikiri kwamba yakiendelea kupanda mimi sitasogea. Sikulia hata. Mwanamke aliyekuwa anasugua sufuria upande wa pili akapiga kelele, "Eh, Bi Mwamini! Nguo yako inaloa!" Nikarudi nyuma kwa aibu ya nguo kuloa. Mungu ana njia zake. Na sikumwambia mtu. Hilo la kutomwambia mtu ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Wewe ukifika hapo, mwambie mtu siku hiyo hiyo, hata anayesugua sufuria.

Wiki ile ile Rashidi alinipeleka kituo kidogo cha afya kwa ajili ya tumbo. Tulikaa na wajawazito. Aliyetupokea alikuwa muuguzi, msichana wa milimani huko Bugarama, jina lake Odeta, msalaba shingoni, Kiswahili chake kimejaa Kirundi. Alimwomba Rashidi atusubiri nje. Rashidi akashangaa, akatoka. Odeta akavuta kiti chake upande wangu, akaniamkia, "Amahoro, mukecuru," yaani amani, mama mzee, kwa heshima.

"Unalala?"

"Silali."

"Unakula?"

"Sili."

"Zamani, asubuhi, iko kitu gani ilikuwa inakufurahisha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, hata Saidi. Nikafikiri sana. Nikamwambia ukweli, "Kugombana na wavuvi."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Na mara ya mwisho uligombana lini?"

Machozi yalikuja kwa fujo, kamasi, kwikwi, aibu tupu. Miezi minane sijagombana na mtu! Yeye akanishika mkono, akauliza kama nimewahi kufikiria kufa. Nikamwambia habari ya ndoo na maji. Hakuruka, hakusema astaghfirullahi wala maneno ya kanisani kwao. Alisema, "Murakoze. Asante umenieleza. Mukecuru, hii si uzee. Hii ni ugonjwa, iko na dawa yake, na wewe si wa kwanza kwenye hiki kiti."

Akanipa vidonge. Akanionya kwamba havitafanya kazi haraka, wiki tatu, nne, na mwanzoni vitanikausha mdomo na kunisumbua tumbo. Akasema kila Alhamisi kuna wazee wanakutana pale nyuma ya kituo, wanaongea, na nirudi Alhamisi hata nikijisikia nimekufa. "Hasa ukijisikia hivyo," akasema.

Njiani Rashidi aliuliza dawa ni za nini. Nikamwambia. Alisimamisha pikipiki. Mwanangu ni mtu mwema, hajawahi kunikosesha kitu, lakini uso wake siku ile sitausahau. "Mama, hizi dawa ni za wendawazimu," akasema chini chini, na barabarani hapakuwa na mtu. "Watu wakijua watasema mama yake Rashidi kichwa kimeharibika. Wewe ndiye watu wanakuja kukuomba dua! Tafadhali. Tuseme ni tansiyo." Tansiyo ndiyo presha, ugonjwa wa heshima. Nikakubali. Nilikuwa sina nguvu ya kukataa chochote.

Siku ya tisa sikuviona vidonge. Zubeda alikuwa amevitupa chooni. Hakunificha. Aliniambia Rashidi amemweleza ni vya nini, na amesikia vinalewesha, vitanizuia kuamka usiku kwa ibada, na kaka yake kule kaburini anazihitaji dua zangu. Aliyasema kwa mapenzi, anakunja kanga yangu huku anasema. Na mimi, nisikilizeni vizuri, nilihisi kitu kimoja kidogo sana hapa chini ya kifua. Nilikasirika. Hasira yenyewe ndogo, kama moto wa kuni mbichi, lakini niliitambua. Nilikuwa sijaiona tangu Saidi afe.

Nikavaa kandambili. Zubeda akauliza, "Unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Kutafuta vingine." Akanifuata mpaka mlangoni, "Mwamini, peke yako? Watu watakuona!" Nikamwambia, "Na waone."

Toka kwangu mpaka kituoni kijana anatembea dakika ishirini. Mimi nilitembea saa nzima na zaidi. Nilipumzika kwa muuza mihogo, nikapumzika kwa mtengeneza baiskeli, nikapumzika juu ya jiwe. Watu walitoka madukani kunitazama. Wengine walinisalimia wameinamisha vichwa, na mimi jasho linanitoka, kanga imeteleza, natweta kama mbuzi wa Idi. Odeta aliponiona sikuwa na salamu. Nikamwambia, "Wamevitupa. Nipe vingine, na hivi nitavivaa shingoni." Na nilivivaa. Nilivishona kwenye kifuko cha kitambaa cha Saidi, navipeleka mpaka bafuni.

Sitakudanganya kwamba nilipona haraka. Wiki ya kwanza mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa unanata. Wiki ya pili nilimwambia Odeta vidonge vyake havina maana, na yeye akaniambia niendelee kuvitukana, lakini nimeze. Alhamisi nilikwenda. Tulikuwa tisa: wanaume watatu, wanawake sita, Waislamu, Wakatoliki, mzee mmoja aliyekimbia vita akarudi akakimbia tena akarudi, hana tena shamba wala nguvu ya kulitafuta. Kazi yetu ilikuwa kusema, na kila wiki kila mtu anaahidi kitu kimoja kidogo. Ahadi yangu ya kwanza ilikuwa kuoga. Usicheke. Mzee yule ahadi yake ilikuwa kunyoa, na aliponyoa tulimpigia makofi.

Na imamu wetu, aliyekuwa akija kunisomea dua, nilimwendea mwenyewe. Nilimweleza yote, nikiwa natazama chini. Akaniambia dini haimkatazi mgonjwa dawa, na kwamba dua alizonisomea haziondoki nikimeza kidonge. Nilimshukuru. Niliona bora Zubeda asikie kwake kuliko kwangu, na alisikia, akanuna wiki mbili.

Wiki ya tano mawese mapya yalikuwa yanapikwa mtaani. Nilikuwa nimekaa kizingitini, harufu ikaja, nikasikia njaa. Njaa! Nikapiga kelele, Zubeda akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia, "Nipikie sombe, weka mawese, weka pilipili." Majani yale ya muhogo alikuwa hajawahi kuyatwanga haraka vile. Tulikula wote wawili toka sahani moja, yeye analia, mimi namwambia ameweka chumvi kidogo. Alijua hapo kwamba narudi. Bado hatukuongea habari ya vidonge.

Kiangazi kingine kilipofika nilikuwa ufukweni, si kila siku, siku tatu kwa wiki, nimekaa kwenye kigoda badala ya kuinama. Wavuvi walianza tena kuapa. Lakini mtaani bado nilikuwa mcha Mungu aliyekuwa na tansiyo. Rashidi aliwaambia hivyo, Zubeda aliwaambia hivyo. Nilikuwa napona kwa siri kama mtu anayeiba.

Ndipo akatoka eda Bi Tatu, mjane wa mtaa wa pili, mwenye miaka sabini na kitu. Zubeda akaniletea ujumbe: wanawake wanataka niende kumpa mawaidha, kwa sababu mimi ndiye mfano. Rashidi akaja jioni, akaketi karibu nami. "Mama, uwaambie ya subira tu. Ya kituoni yaache. Ni ya kwetu hayo." Sikumwahidi kitu. Nilimwambia anipelekee kigoda.

Nyumba ilijaa. Bi Tatu alikuwa katikati, wamemvika kitenge kipya cha rangi ya machungwa, mikono imelala mapajani viganja juu. Nilimtazama, nikaona kitambaa kimemzunguka mara mbili. Nikaona udi unapita mbele ya pua yake na pua haijui. Wanawake wakanyamaza wanisikilize, na mama mmoja akaanza, "Huyu mwenzetu alimkalia mume wake hata baada ya eda, mwaka mzima, usiku anaswali, mchana anafunga..."

"Uongo," nikasema.

Zubeda alinivuta kanga. Niliitoa mkononi mwake. Nikawaambia, "Sikuwa naswali, nilikuwa silali. Sikuwa nafunga, nilikuwa nashindwa kumeza. Nilikuwa nataka kufa, na ninyi mlikuwa mnakuja kuniomba dua. Siwalaumu, nilinyamaza mwenyewe. Nilikwenda kituoni, nikapewa vidonge vya huzuni. Hivi hapa. Si tansiyo. Leo nimemeza kimoja, na kesho nitameza." Nikavitoa kifuani, nikaviinua.

Mtu akasema "Subhanallah," mwingine akasema mzee huyu amechanganyikiwa. Mmoja akakusanya watoto akawatoa nje. Dirishani niliona shati la Rashidi, alikuwa amekaa na wanaume barazani, na nikaona shati linaondoka. Sitajifanya shujaa, nilijuta kwa muda, nikawaza nimemharibia mwanangu jina.

Bi Tatu aliinua kichwa. Walisema baadaye kwamba tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. "Mwamini," akasema, sauti imekauka, "hicho kituo kinafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," nikamwambia.

Kesho yake nilimpitia. Tulitembea, tukapumzika kwa muuza mihogo, tukapumzika tena, tukafika, tukakaa benchini na wajawazito. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wanapita wakitutazama, wengine wakigusana viwiko. Pikipiki ikasimama getini. Rashidi akashuka. Jana yake hakuja kwangu, wala hakutuma mtu. Akaingia na kofia yake mkononi, akakaa pembeni yangu kwenye benchi, kati ya wanawake, mtu mzima na ndevu zake. Hatukusalimiana.

Muuza matairi mwenzake wa sokoni akapita, akamwona, akapaza sauti toka barabarani, "Rashidi! Nani anaumwa?"

Nilisikia anavuta pumzi. Nikajua linakuja lile neno, tansiyo, nikajiandaa kulisamehe.

"Mama yangu," akajibu, kwa sauti ya kuita wateja. "Anaumwa huzuni. Anatibiwa hapa, na anapona."